Nyumba Isiyokula Msitu: Kiwanja, Tofali na Mkopo wa Mjenzi Mdogo Wilayani Mbinga

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba, mvua zinapokuwa zimekatika, vijiji vingi vya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, huingia katika msimu wa tofali. Udongo huchimbwa karibu na kijito, hukanyagwa kwa miguu, hufyatuliwa kwa vibao na kuanikwa. Kisha matofali makavu hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini, hukandikwa tope kwa nje, na kuwashwa moto usiozimwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Ujenzi wa namna hii una historia ndefu katika nchi ya kusini. Wamisionari Wabenediktini walianza kituo chao cha Peramiho mwaka 1898, na majengo yao makubwa ya matofali ya kuchoma yangali yakitumika. Miaka ya 1970, kampeni ya Nyumba Bora iliwahimiza wananchi wa vijiji vipya waache miti na udongo, wajenge kwa matofali na bati. Tofali jekundu likawa alama ya maendeleo ya kaya, na hadi leo ndivyo lilivyo.

Litumbandyosi ni mojawapo ya kata za wilaya hiyo. Huko, kama katika kata nyingine za vijijini, nyumba za biashara hazijengwi na makampuni. Hujengwa na mjenzi mdogo: fundi mwashi, mwalimu au mkulima mwenye fedha za nyumba moja tu kwa wakati mmoja. Hununua kiwanja, hujenga, humpangisha mfanyakazi aliyehamishiwa kijijini au humuuzia mwenye haja, na kwa fedha hizo huanza nyumba ya pili. Makala haya yanamhusu mtu wa namna hiyo, na swali lake ni hili: akiwa na mtaji mdogo, anawezaje kujenga nyumba inayotumia nishati kidogo, na bado asifilisike?

Nishati ya nyumba ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ile inayotumika kutengeneza vifaa vyenyewe, yaani matofali, saruji na bati. Fungu la pili ni ile inayotumiwa na wakazi miaka yote watakayoishi humo: kupikia, kupata mwanga, kuota moto wakati wa baridi na kujipoza wakati wa joto. Watu wengi hudhani kwamba mambo hayo huamuliwa nyumba ikishakamilika, mtu anapochagua taa au jiko. Sivyo. Sehemu kubwa huamuliwa katika siku tatu ambazo fundi bado hajashika mwiko: siku ya kununua kiwanja, siku ya kuchagua tofali, na siku ya kutia sahihi mkataba wa mkopo.

Kinachonunuliwa ni nini?

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mtu anayesema "nimenunua ardhi" amenunua haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyomo. Kwa miaka mingi, chini ya sheria ya mwaka 1923 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani ya kuuzwa. Thamani ilikuwa ya mazao na majengo. Mwezi Januari 1991 iliundwa Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Baada yake ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote mbili za mwaka 1999. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Sheria Na. 5 ndiyo inayomhusu mjenzi wa Litumbandyosi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, lakini hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mnunuzi asiye mwanakijiji huhitaji kibali cha Halmashauri. Anayekamilisha taratibu hizo aweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotiwa sahihi na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji pamoja na mwenye haki mwenyewe, kisha ikasajiliwa na Ofisa Ardhi wa Wilaya. Sheria inasema wazi kwamba haki hiyo ni sawa kwa nguvu na ile inayotolewa mjini. Ugomvi ukitokea, hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake.

Mazoea ni tofauti na sheria. Mara nyingi muuzaji na mnunuzi huandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili watatu, fedha zikahesabiwa, na biashara ikaisha hapo. Mke wa muuzaji yamkini yuko shambani na hajui kitu, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Karatasi ya namna hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake huonekana ukutani. Mtu asiye na hakika ya kiwanja chake hujenga nyumba anayoweza kuitelekeza: msingi mfupi, kuta za haraka, paa lisilo na upenu wala dari. Hakuna atakayetia fedha katika kitu kitakacholipa baada ya miaka kumi ikiwa hajui kama mwakani atakuwa bado yupo. Kwa sababu hiyo hati ya kiwanja ni chombo cha kuhifadhi nishati sawa na dari au jiko, ijapokuwa haimo katika vitabu vya fizikia.

Kiwanja na jua

Wilaya ya Mbinga iko kusini ya ikweta, takriban nyuzi 10 na nusu hadi 11. Tuchukue nyuzi 10 na nusu kwa ajili ya hesabu. Tarehe 21 Desemba saa sita mchana, jua huwa limevuka utosi na kuelekea kusini kidogo. Urefu wake juu ya upeo wa macho ni nyuzi 77 hivi. Tarehe 21 Juni huwa upande wa kaskazini, kwa urefu wa nyuzi 56. Wanafunzi waweza kuzihakiki tarakimu hizo kwa kusimamisha mti ulionyooka uwanjani na kupima kivuli chake siku hizo.

Sasa fikiria ukuta unaotazama kaskazini, wenye upenu wa paa uliojitokeza sentimita 60. Mwezi Desemba ukuta huo haupigwi na jua la adhuhuri hata kidogo. Mwezi Juni kivuli cha upenu hushuka sentimita 89 tu (60 mara tanjenti ya nyuzi 56), na sehemu ya chini ya ukuta hupata jua. Ukuta wa kusini nao, mwezi Desemba, hupata kivuli cha zaidi ya mita mbili na nusu, yaani ukuta mzima. Upenu huo mmoja, usioendeshwa kwa mashine yoyote, hufunga jua wakati wa joto na kulifungulia wakati wa baridi.

Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo. Jua la saa kumi alasiri huwa chini, huingia chini ya upenu wowote, na ukuta ulioupokea joto hilo hulitoa chumbani usiku watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo nyumba ndefu hufaa ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yakitazama kaskazini na kusini, na kuta fupi zenye madirisha machache zikipokea jua la asubuhi na la jioni. Jambo hili halina gharama yoyote, ila kiwanja chembamba kilichopimwa vibaya huweza kulizuia kabisa. Mjenzi anayependezwa na kiwanja kwa sababu tu kimegusa barabara atajikuta ameigeuza nyumba itazame barabara, na wapangaji wake watalipa kosa hilo kila alasiri.

Kiasi cha baridi na joto hutegemea mwinuko. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 470 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300. Hewa hupoa kwa takriban sita ya kumi ya nyuzi ya sentigredi kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kati ya Mbamba Bay na Mbinga pana tofauti ya nyuzi tano hivi. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, yataka upenu wa mita nzima na madirisha ya kupitisha upepo. Milimani kwa Wamatengo, ambako watu huota moto mwezi Juni na Julai, yafaa upenu mfupi zaidi na kuta nzito zinazohifadhi joto la mchana. Ramani moja ya nyumba haiwezi kufaa pande zote mbili, ingawa mafundi huibeba ileile kila waendako.

Kuhusu miteremko, wilaya hii ina walimu wake tayari. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo, chenye mashimo yaliyopangwa kama macho ya wavu, kimezuia udongo usichukuliwe na mvua kwa vizazi vingi. Anayechonga mlima ili apate uwanja tambarare bila kuyapangia maji njia amesahau somo la shamba la jirani.

Hesabu ya tanuri

Tuje kwenye tofali. Tofali la kuchoma la sentimita 22 kwa 10 kwa 7 lina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ukuta wenye unene wa tofali zima huhitaji karibu matofali 100 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ndogo yenye mita 100 za mraba za ukuta, bila kuhesabu milango na madirisha, hutaka basi matofali 10,000, yaani tani 25 za udongo uliochomwa.

Moto wa tanuri una kazi tatu. Kwanza huondoa maji yaliyobaki baada ya kuanikwa. Pili, jotoridi linapopita kiasi cha nyuzi 450 hadi 600 za sentigredi, huyafukuza maji yaliyofungamana na mfinyanzi wenyewe kikemia. Kuanzia hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Tatu, karibu na nyuzi 900 na kuendelea, chembechembe huanza kuyeyuka kingoni na kushikamana. Ukijumlisha nishati inayohitajika kwa kazi hizo, hupati zaidi ya megajouli moja na kitu kwa kilo moja ya tofali. Lakini tanuri la kijijini halina ukuta wa kudumu wala bomba la moshi. Joto hutoka juu na pembeni, na moto ukizimwa joto lote lililomo katika matofali hupotea hewani. Kwa makadirio ya wastani tuchukue megajouli 3 kwa kilo. Matanuri mengi hula zaidi ya hapo.

Tani 25 mara megajouli 3 kwa kilo ni megajouli 75,000. Kilo moja ya kuni zilizokauka kwa hewa hutoa megajouli 15 hivi. Jibu ni tani 5 za kuni kwa nyumba moja ndogo, na hapo hatujahesabu matofali ya pembeni ambayo hayakuiva na hutupwa, wala mashimo ya udongo ambayo masika hujaa maji na kuwa mazalio ya mbu.

Tani hizo tano hutoka wapi? Zikitoka katika shamba la miti lililopandwa na kupandwa tena, hasara ni ndogo, maana mti mpya utainyonya tena hewa ya ukaa iliyotolewa na ule wa zamani. Zikitoka katika miombo ya asili, ambayo huchipua kutoka kwenye visiki lakini hukua taratibu, kijiji kimekula akiba yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kujiwekea kanuni za uvunaji. Palipo na kanuni na ushuru unaotozwa kweli, bei ya tofali huanza kuonyesha gharama yake halisi. Pasipo na kanuni, kuni huitwa za bure, na katika daftari la mjenzi hazionekani kabisa.

Tofali lisilochomwa

Njia nyingine ni kulifungamanisha tofali kwa saruji kidogo na mgandamizo badala ya moto. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, katika kituo cha nyumba cha CINVA mjini Bogotá, Kolombia, alibuni mashine ya mkono yenye wenzo mrefu ambayo watu wawili waweza kuitumia bila umeme. Mashine hiyo, CINVA-Ram, ilienea katika nchi nyingi. Tanzania ilianzisha Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi mwaka 1971, na mwaka 2001 kazi zake zikachukuliwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Wakala huo umeeneza matofali ya kufungamana, ambayo yana ulimi na tundu, hivyo hupangwa moja juu ya jingine bila kuhitaji mchanganyiko mwingi wa kujengea.

Tofali la kufungamana la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kilo 8 na nusu hivi. Kila mita ya mraba ya ukuta hutaka matofali 33, na nyumba yetu ya mfano 3,300. Saruji ikiwa asilimia 6 ya uzito, kila tofali hubeba nusu kilo, na mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 100. Fundi mwangalifu atahesabu 90, kwa kuwa yapo yatakayovunjika. Nyumba nzima itahitaji mifuko 37, sawa na kilo 1,850. Kiwandani, kilo moja ya saruji hula megajouli 4 hadi 5. Tukichukua 4 na nusu tunapata megajouli zipatazo 8,300. Linganisha na 75,000 za tanuri: ni kama sehemu moja katika tisa.

Si kila udongo unafaa. Mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka, na mchanga mtupu haushikani. Shule yoyote yaweza kufanya majaribio mawili. La kwanza ni la chupa: udongo hutiwa hadi nusu, maji yakajazwa, chupa ikatikiswa kwa nguvu na kuachwa. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza, tope laini baada yake, na mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi. Unene wa matabaka hupimwa kwa rula. La pili ni la sanduku: sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, hupakwa mafuta ndani na kujazwa udongo uliolowana. Baada ya siku tatu za jua, nafasi iliyoachwa na udongo uliosinyaa hupimwa. Kadiri udongo unavyosinyaa ndivyo saruji inavyohitajika zaidi, na ukisinyaa kwa zaidi ya sentimita 6 hauna budi kuongezwa mchanga. Mjenzi mwenye busara huchukua debe la udongo na kulipima kabla ya kulipia kiwanja, maana kiwanja chenye udongo mzuri kina kiwanda ndani yake.

Baada ya kufyatuliwa, matofali hufunikwa kwa majani au nailoni na kumwagiwa maji kwa siku saba angalau, kisha huachwa hadi siku 28 zitimie. Saruji haikauki kama tope. Hukua nguvu kwa kuungana na maji. Ni hapa ambapo kazi nyingi huharibika. Fundi aliyezoea tanuri huyaanika matofali ya saruji juani kama alivyozoea, yakabomoka kwa kidole, na kijiji kizima kikaamini kwamba aina hiyo ya tofali haifai.

Pana kichekesho cha kiuchumi katika jambo hili. Makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011 katika wilaya hiyohiyo ya Mbinga, yamekuwa yakisafirishwa kwa malori mamia ya kilomita hadi viwanda vya saruji. Kisha saruji hurudi Mbinga kwa malori mengine, bei yake ikiwa imebeba safari zote mbili.

Fedha: ukuta kwa mfuko, paa kwa mkopo

Kwa nini basi tofali la kuchoma lingali likishinda? Kwa sababu mifuko 37 ya saruji hulipiwa fedha taslimu, ilhali kuni na nguvu za jamaa hazilipiwi. Zaidi ya hayo, tofali la kuchoma ni benki. Familia hufyatua elfu moja mwaka huu na elfu mbili mwakani, yakarundikwa nyuma ya nyumba. Rundo hilo haliliwi na mfumuko wa bei, wala mjomba mwenye shida ya ghafula hawezi kuliazima kwa urahisi. Mtaalamu anayemlaumu mwanakijiji kwa kuchoma miti bila kuielewa benki hii anapoteza maneno yake.

Benki za kawaida zimekuwa na historia ngumu upande wa nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995. Baada ya hapo nchi ilikaa miaka mingi bila chombo cha mikopo ya nyumba ya muda mrefu, hadi ilipotungwa sheria ya rehani za nyumba ya mwaka 2008. Mikopo hiyo kwa kawaida inamlenga mwenye mshahara na kiwanja kilichopimwa mjini. Wana Mbinga walikuwa na benki yao wenyewe, Benki ya Wananchi Mbinga, lakini mwezi Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni kwa upungufu wa mtaji. Kwa mjenzi mdogo zimebaki hasa SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Humo hesabu ya riba hutaka macho. Tuseme mtu amekopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi. Ikiwa riba huhesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, atalipa shilingi 90,000 kila mwezi, jumla 2,160,000. Ikiwa huhesabiwa juu ya salio, naye anarejesha 250,000 za mkopo wenyewe kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 90,000, ya mwisho ni 3,750, na jumla yake ni 1,125,000. Kiwango kilichotamkwa ni kilekile, tofauti ni shilingi 1,035,000. Darasa la hisabati laweza kuihakiki jumla hiyo kama mfuatano wa kihesabu wenye istilahi 24.

Sasa iangaliwe nyumba yenyewe kwa jicho la mkopeshaji. Ukuta huweza kununuliwa vipandevipande, na paa haliwezi. Nusu ya paa haimkingi mtu mvua, na kenchi zilizosimama bila bati huharibika msimu mmoja. Hivyo mjenzi anayechukua mkopo mkubwa mwanzoni, akautumia katika msingi na kuta, analipa riba kwa miezi mingi juu ya nyumba isiyokalika. Njia iliyo salama zaidi ni kuifanya saruji iwe benki kama tofali la kuchoma lilivyo. Mfuko mmoja kila wiki ni matofali 90. Kwa wiki 37 ukuta mzima umekwisha kulipwa, bila senti ya riba. Mkopo huchukuliwa kuta zikiwa zimefika kwenye linta, nao ni wa kenchi, bati na dari peke yake. Nyumba hupangishwa miezi michache baadaye, na kodi huanza kusaidia marejesho.

Mashine ya kufyatulia ndiyo kikwazo kilichobaki, kwani mtu mmoja hawezi kuinunua kwa nyumba moja. Kwa kikundi yawezekana. Halmashauri za wilaya hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa katika sheria mwaka 2018, ukasimamishwa mwaka 2023, na ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana chenye mashine moja, kikifyatua kwa malipo katika viwanja vya wengine, kina kazi ya msimu mzima wa kiangazi.

Marejesho nayo yafuate mazao. Kahawa ya milimani huvunwa kati ya Mei na Septemba hivi, na malipo huja baada ya kuuzwa. Mkulima anayelazimishwa kurejesha kiasi kilekile mwezi Februari, ghala likiwa tupu, atauza kitu ambacho hakupaswa kuuza. SACCOS ya wakulima inayoandika ratiba ya marejesho kwa kufuata mavuno haitoi fadhila, inajilinda.

Mpangaji na mwenye nyumba

Limebaki tatizo moja ambalo hesabu peke yake hazilitatui. Anayelipia dari ni mjenzi, na anayenufaika ni mpangaji. Bati lililoungua kwa kutu hupokea sehemu kubwa ya mnururisho wa jua la adhuhuri, ambalo hukaribia wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kulipeleka chini vichwani mwa watu. Dari, hata la mikeka iliyofumwa vizuri, hukata sehemu kubwa ya joto hilo. Umeme wa gridi ulifika Songea kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako mwaka 2018, na taa za siku hizi hula kidogo sana. Upande huo mjenzi hana la kufikiri sana.

Jikoni ndiko kwenye mzigo. Familia inayotumia kilo 5 za kuni kwa siku hutumia zaidi ya tani moja na robo tatu kwa mwaka. Kabla ya mwaka wa tatu kwisha, imeshakula kuni sawa na zile zote zilizochoma matofali ya nyumba yake. Jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi, likijengwa pamoja na nyumba, hugharimu matofali machache na siku moja ya fundi. Likiachwa mpangaji ajijengee, halijengwi, kwa sababu hajui kama atakaa mwaka mmoja au mitatu. Wajenzi waliokwisha kulielewa jambo hili hulitaja jiko katika mkataba wa kupangisha, pamoja na dari na tangi la maji ya mvua, na huomba kodi ya mwezi iliyozidi kidogo. Mpangaji anayenunua kuni kwa mzigo huikubali upesi. Yule anayetuma watoto msituni huwa mgumu zaidi.